Asilimia Arobaini ya Nini? Dhana ya Rejeo katika Upimaji wa Gesijoto za Meli za Kimataifa

1.0 Utangulizi

Kusema kwamba kitu fulani kimepungua ni kusema nusu ya sentensi. Kitenzi kupungua, ijapokuwa hakichukui yambwa, hudai kijalizo: kimepungua kutoka kiwango gani? Katika mazungumzo ya kila siku kijalizo hicho hudondoshwa bila hasara yoyote. Muuza samaki wa soko la Feri akisema bei imepungua, mnunuzi hahitaji kuelezwa kwamba bei inayolinganishwa ni ile ya jana au ya juma lililopita. Wote wawili wana kumbukumbu moja. Lakini katika nyaraka za kimataifa zinazohusu mazingira, kumbukumbu ya pamoja haipo mpaka itengenezwe, na kazi ya kuitengeneza ndiyo iliyozua mabishano makubwa zaidi ya miaka ishirini katika Shirika la Kimataifa la Bahari, yaani IMO, lenye makao yake makuu mjini London.

Lengo la makala haya ni kufafanua jinsi kiwango hicho cha kulinganishia kinavyowekwa katika upimaji wa gesijoto zinazotolewa na meli za safari za kimataifa, na kuonyesha kwamba kiwango chenyewe si kimoja. Suala hili linamhusu mtaalamu wa lugha kwa sababu mbili. Kwanza, IMO hufanya kazi zake rasmi kwa lugha sita, nazo ni Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Kiswahili hakimo, kwa hiyo msomaji wa Mombasa, Tanga au Zanzibar hupata habari hizi kupitia tafsiri, na mara nyingi tafsiri ya haraka ya magazeti na redio. Pili, lugha ya Kiingereza hutumia neno moja tu kwa dhana zisizopungua tatu, na mfasiri asiyezitenganisha huzichanganya zote.

2.0 Uteuzi wa istilahi

Maneno matatu ya Kiswahili hujitokeza mara kwa mara katika tafsiri za dhana hii: msingi, kianzio na rejeo. Msingi ndilo linalopendwa zaidi, na ndilo linalopotosha zaidi. Msingi wa nyumba ukishamwagwa zege hausogei. Kinyume chake, kama itakavyoonekana, makadirio ya gesijoto za mwaka 2008 yamehesabiwa zaidi ya mara moja na kila mara yametoa namba tofauti. Kianzio nalo lina kasoro yake, kwa kuwa mzizi wake hudokeza wakati kazi ilipoanza. Na hakuna kazi iliyoanzishwa mwaka 2008. Mkakati wa kwanza wa IMO ulipitishwa Aprili 2018, miaka kumi baadaye.

Rejeo, kutokana na kitenzi rejea, lina manufaa ya kuonyesha tendo lenyewe: mpimaji wa leo hurudi nyuma na kuangalia. Kinachorejewa kinaweza kuwa mwaka, mstari wa kihisabati au makisio ya wakati ujao. Kwa hiyo makala haya yanapendekeza kutumia mwaka wa rejeo kwa kiwango cha jumla cha mwaka uliopita. Mstari wa rejeo kwa kiwango kinachobadilika kulingana na ukubwa wa meli. Na mkondo wa matarajio kwa hali inayokisiwa kutokea endapo hapatachukuliwa hatua yoyote mpya. Tofauti kati ya ya kwanza na ya tatu si ndogo. Utafiti wa Nne wa IMO kuhusu gesijoto, uliotolewa mwaka 2020, ulikisia kwamba ifikapo mwaka 2050 gesijoto za meli zitakuwa kati ya asilimia 90 na 130 ya zile za mwaka 2008. Tuseme basi makisio yalikuwa 130 na hali halisi ikawa 110. Kwa kurejea mkondo wa matarajio, pamekuwa na upungufu wa asilimia 15. Kwa kurejea mwaka 2008, pamekuwa na ongezeko la asilimia 10. Wasemaji wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Liko pia tatizo la vihusishi. Kupunguza kwa asilimia 40 ni kuondoa 40 katika 100 na kubakiza 60. Kupunguza hadi asilimia 40 ni kuondoa 60 na kubakiza 40. Katika matini za habari miundo hii miwili hubadilishana nafasi kana kwamba ni visawe. Mhariri angemsahihisha mwandishi aliyekosea upatanisho wa ngeli, lakini kosa hili, ambalo hubadilisha theluthi moja ya kile kinachobaki, hupita bila kuonekana.

3.0 Mwaka wa rejeo: kwa nini 2008?

Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997 iliweka mwaka 1990 kuwa rejeo la nchi nyingi zilizoendelea. Meli za kimataifa hazikuhesabiwa humo. Sababu yake ni rahisi kueleweka: meli inaweza kumilikiwa na kampuni ya Ugiriki, ikapeperusha bendera ya Liberia, ikanunua mafuta Singapuri na kupakua shehena Dar es Salaam. Moshi wake uandikwe katika daftari la nani? Itifaki iliwaachia IMO suala hilo.

Mkakati wa mwaka 2018 ulichagua mwaka 2008 na kuweka malengo mawili yasiyopaswa kuchanganywa. Lengo la kwanza lilihusu uwiano wa ukaa, yaani uzito wa hewa ukaa inayotolewa kwa kila kipimo cha kazi ya uchukuzi: huo ulitakiwa kupungua kwa angalau asilimia 40 ifikapo mwaka 2030. Lengo la pili lilihusu jumla ya gesijoto zote kwa mwaka, ambayo ilitakiwa kupungua kwa angalau asilimia 50 ifikapo mwaka 2050. Mkakati uliorekebishwa Julai 2023 ulibakiza lengo la kwanza, ukaondoa nusu hiyo na badala yake ukataka gesijoto zifikie sifuri halisi mnamo mwaka 2050 au karibu na hapo. Njiani kuna vituo vya ukaguzi: upungufu wa angalau asilimia 20, na jitihada ya kufikia 30, mwaka 2030, kisha angalau asilimia 70, na jitihada ya kufikia 80, mwaka 2040. Vyote hivyo hurejea mwaka 2008.

Mwaka huo haukuwa wa kawaida. Biashara ya dunia ilikuwa imefikia kilele, meli zikienda kasi kwa kuwa nauli za shehena zilikuwa juu, kabla msukosuko wa fedha haujazipiga breki. Baada ya hapo wenye meli walipunguza mwendo ili kuokoa mafuta. Utafiti wa Tatu wa IMO, wa mwaka 2014, ulionyesha kwamba kati ya mwaka 2007 na 2012 mwendo wa meli baharini ulishuka kwa wastani wa asilimia 12 na matumizi ya mafuta kwa siku yakashuka kwa asilimia 27. Kwa mujibu wa utafiti huohuo, hewa ukaa ya meli za kimataifa ilikuwa tani milioni 921 mwaka 2008 na tani milioni 796 mwaka 2012. Hivyo basi, sehemu kubwa ya upungufu unaohesabiwa leo ilipatikana kabla mkakati haujaandikwa. Utafiti wa Nne ulikiri kwamba zaidi ya nusu ya nafuu ya uwiano wa ukaa kati ya mwaka 2008 na 2018 ilitokea kabla ya mwaka 2012. Ni vigumu kuuona uteuzi wa kilele kuwa bahati tu. Hata hivyo, ni haki kuongeza kwamba mwaka wowote ungekuwa na mlalamikaji wake.

4.0 Namba mbili za bahari moja

Sehemu yenye utata mkubwa zaidi haimo katika uteuzi wa mwaka bali katika neno kimataifa. Meli ipi ni ya kimataifa?

Utafiti wa Tatu ulijibu kwa kuangalia aina na ukubwa wa chombo. Meli kubwa ya shehena ilichukuliwa kuwa ya kimataifa popote ilipo, na kivuko kidogo kilichukuliwa kuwa cha ndani. Utafiti wa Nne ulileta njia nyingine ya kuangalia safari yenyewe: ikiwa bandari ya kuondokea na ya kufikia ziko katika nchi moja, safari hiyo ni ya ndani, zikiwa katika nchi mbili, ni ya kimataifa. Njia hii iliwezekana kwa sababu mawimbi ya utambulisho yanayotolewa na meli sasa hunaswa na setilaiti, na safari ya kila meli huweza kufuatiliwa saa kwa saa. Chukua meli kubwa iliyopakua nusu ya mzigo wake Tanga kisha ikaenda kumalizia Dar es Salaam. Kwa njia ya chombo, mafuta yaliyochomwa kati ya Tanga na Dar es Salaam ni ya kimataifa. Kwa njia ya safari, ni ya ndani ya Tanzania. Ingetoka Mombasa, njia zote mbili zingekubaliana.

Mfano huo unaweza kuonekana mdogo, lakini matokeo yake kwa dunia nzima si madogo. Kwa njia ya chombo, hewa ukaa ya meli za kimataifa mwaka 2018 ilikuwa tani milioni 919. Kwa njia ya safari, ilikuwa tani milioni 740. Ni mwaka uleule, meli zilezile na moshi uleule. Sasa mtu achukue ile 921 ya mwaka 2008 iliyomo katika Utafiti wa Tatu, kisha ailinganishe na namba hizi. Akitumia ya kwanza, hakuna kilichobadilika kwa miaka kumi. Akitumia ya pili, ataandika kwamba sekta imepunguza karibu asilimia 20, na kituo cha mwaka 2030 kitaonekana kimekwisha kufikiwa.

Kosa hilo linaepukwa kwa kuhesabu upya rejeo lenyewe kwa kipimo kipya. Utafiti wa Nne ulifanya hivyo na kupata tani milioni 794 kwa mwaka 2008, ilhali hesabu ya zamani ilikuwa tani milioni 940, zote zikiwa ni jumla ya gesijoto zilizogeuzwa kuwa uzito linganifu wa hewa ukaa. Nusu ya 940 ni 470, na nusu ya 794 ni 397. Kwa hiyo maneno yaleyale ya mkakati wa mwaka 2018, bila kubadilishwa hata nukta, yaliruhusu tofauti ya tani milioni 73 kwa mwaka kutegemea daftari lililofunguliwa. Hata hapo msomaji ajihadhari asiilinganishe 794 na 740 moja kwa moja, kwani ya kwanza imejumuisha methani na oksidi ya nitrojeni na ya pili ni hewa ukaa pekee.

Kasoro hiyo ya mwisho ina sura ya kilugha. Katika Kiswahili cha habari, hewa ukaa hutumiwa kama jina la gesijoto zote. Matumizi hayo hayadhuru pale mazungumzo yanapohusu mafuta mazito, maana sehemu kubwa ya athari yake ni hewa ukaa. Yanadhuru pale meli inapohamia gesi asilia. Gesi hiyo hupunguza hewa ukaa, lakini methani isiyoungua huvuja katika injini. Na kati ya mwaka 2012 na 2018 methani kutoka melini iliongezeka kwa takribani asilimia 150. Lengo la uwiano halioni methani. Lengo la jumla huiona.

5.0 Mistari ya rejeo

Mwaka wa rejeo huihusu sekta nzima. Msanifu wa meli na nahodha hawawezi kuutumia, kwani hakuna meli moja inayoweza kuambiwa ipunguze tani milioni 794. Kwao IMO imeweka mistari.

Mstari wa kwanza ni wa kielelezo cha ufanisi wa usanifu, kinachojulikana kwa herufi EEDI. Kielelezo hicho kilipitishwa Julai 2011 na kuanza kutumika Januari 2013 kwa meli mpya. Ili kuupata mstari, zilichukuliwa kumbukumbu za meli zilizoundwa kati ya mwanzo wa mwaka 1999 na mwanzo wa mwaka 2009, zenye ukubwa wa jumla wa 400 na zaidi. Ilichukuliwa kwamba injini kuu zote hula gramu 190 za mafuta kwa kila kilowati-saa, na injini saidizi gramu 215. Kisha kila meli ikawekwa kama nukta katika grafu, na mstari ukapitishwa katikati ya nukta hizo. Kwa meli za shehena kichele, mlinganyo wake ni 961.79 ikizidishwa kwa uwezo wa kubeba uliopandishwa hadi kipeo cha hasi 0.477. Kipeo hasi maana yake ni kwamba meli inavyokuwa kubwa, ndivyo inavyotakiwa kutoa hewa ukaa kidogo kwa kila tani-maili. Meli ya tani 60,000 hupata gramu 5.06, na ya tani 180,000 hupata gramu 2.99. Kutoka katika mstari huo, meli mpya nyingi zilidaiwa upungufu wa asilimia 10 kuanzia mwaka 2015, 20 kuanzia 2020 na 30 kuanzia 2025. Aina kadhaa, zikiwamo meli za makontena, ziliharakishiwa hatua hiyo ya mwisho hadi mwaka 2022, na zile kubwa kabisa za makontena zikadaiwa asilimia 50.

Hapa pia uteuzi wa miaka ulikuwa na uzito. Taasisi ya CE Delft ya Uholanzi ilichunguza mwaka 2015 historia ya usanifu wa meli na kuona kwamba meli za miaka ya 1990 zilikuwa na ufanisi bora kuliko nyingi zilizofuata. Katika muongo uliofuata, viwanda vya meli vililemewa na wateja, na mafuta hayakuwa hoja ya kwanza. Rejeo lilitolewa katika kizazi kilichokuwa kimerudi nyuma.

Mstari wa pili, wenye herufi CII, haupimi meli kama ilivyochorwa bali kama inavyofanya kazi. Tangu Januari 2019 kila meli ya safari za kimataifa yenye ukubwa wa jumla wa 5,000 na zaidi hutoa taarifa ya mafuta iliyotumia kwa mwaka, na takwimu za mwaka huo wa kwanza ndizo zilizozaa mistari hii. Tangu mwaka 2023 meli hupewa daraja kutoka A hadi E. Kwa shehena kichele, mlinganyo ni 4745 kwa kipeo cha hasi 0.622, na meli ileile ya tani 60,000 hupata gramu 5.06. Kulingana huku na namba ya EEDI ni sadfa tupu: kwa tani 180,000, mstari huu hutoa 2.56. Katika EEDI meli imejaa, bahari imetulia na injini kuu inatumia asilimia 75 ya nguvu zake. Katika CII mna mawimbi, mna foleni, na mna safari za kurudi tupu.

Swali linalofuata ni hili: lengo la asilimia 40 hurejea mwaka 2008, ilhali mistari ya CII hurejea mwaka 2019. Daraja kati ya miaka hiyo miwili lilijengwa kwa hesabu. Uwiano wa mwaka 2008 ukiwa 100, lengo la mwaka 2030 ni 60. Ilikadiriwa kwamba mwaka 2019 uwiano ulikuwa umekwisha kushuka kwa asilimia 23.6, yaani ulikuwa 76.4. Kutoka 76.4 hadi 60 ni upungufu wa asilimia 21.5, na hiyo ndiyo iliyodaiwa kwa mwaka 2030, ikianzia asilimia 5 mwaka 2023 na kufika 11 mwaka 2026. Asilimia 40 na asilimia 21.5 ni amri moja yenye marejeo mawili. Gazeti likiandika kwamba lengo limeshushwa karibu nusu, litakuwa limekosea, lakini kosa hilo linaeleweka.

Nguvu ya daraja hilo hutegemea 23.6, na 23.6 hutegemea kilichowekwa chini ya alama ya kugawanya. CII hugawanya kwa uwezo wa meli, iwe imepakia au ni tupu. Kipimo kingine hugawanya kwa shehena iliyobebwa hasa. Kwa njia ya safari, Utafiti wa Nne ulipata nafuu ya asilimia 21 kufikia mwaka 2018 kwa kipimo cha kwanza, na asilimia 29 kwa cha pili. Kipimo cha uwezo huisamehe meli inayorudi tupu, kwa kuwa maili zake huhesabiwa kama kazi. Huiadhibu meli iliyotia nanga ikingoja gati, kwa kuwa injini saidizi zinaendelea kuchoma mafuta na maili haziongezeki. Kwa bandari za Afrika ya Mashariki jambo hili si la nadharia. Foleni ya nje ya bandari huingia katika daraja la meli, na mwenye meli anayelinda daraja lake ana sababu ya kupendelea bandari isiyo na foleni au kudai nauli kubwa zaidi.

Ni kwa sababu hiyo kazi ya kukusanya takwimu inastahili kufanywa karibu na meli zenyewe. Kituo cha Afrika cha ushirikiano wa teknolojia ya bahari, kilichoanzishwa mwaka 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta nchini Kenya, ni kimoja kati ya vituo vitano vya aina hiyo duniani, na takwimu za matumizi ya mafuta zimekuwa miongoni mwa shughuli zake.

6.0 Rejeo la mafuta

Rejeo jipya zaidi halihusu meli wala safari bali nishati iliyomo katika mafuta, ikihesabiwa tangu kisimani hadi baharini. Mpango ulioidhinishwa na kamati ya IMO ya mazingira ya bahari Aprili 2025 uliweka rejeo la mwaka 2008 kuwa gramu 93.3 kwa kila megajuli. Kura ya kuupitisha ilitarajiwa Oktoba 2025, lakini kikao kiliamua kwa kura 57 dhidi ya 49 kuiahirisha kwa mwaka mmoja. Wakati huohuo Umoja wa Ulaya una kanuni yake, iliyoanza kudai upungufu Januari 2025, nayo hurejea gramu 91.16 za mwaka 2020. Meli inayotoka Mombasa kwenda Rotterdam huhesabiwa na Ulaya nusu ya nishati ya safari hiyo.

Kanuni ya Ulaya hudai upungufu wa asilimia 2 hadi mwisho wa mwaka 2029. Mpango wa IMO, kama ulivyoidhinishwa, ungedai katika ngazi yake ya chini asilimia 4 mwaka 2028. Msikilizaji wa habari angehukumu kwamba IMO ni kali maradufu. Lakini asilimia 98 ya 91.16 ni gramu 89.34, na asilimia 96 ya 93.3 ni gramu 89.57. Hata kabla ya kuzingatia tofauti ndogo za ukokotoaji zilizopo kati ya taratibu hizo mbili, asilimia 4 inaruhusu moshi mwingi kidogo kuliko asilimia 2.